Kompyuta Haikumwita Mwizi, Ni Mimi

Leo siongelei simu mpya wala nani ameachana na nani. Leo naandika kitu nilichokaa nacho moyoni miezi minne, na kila nikitaka kukitoa naona haya. Kuna kijana mwenzetu huko Likoni alipoteza kazi kwa sababu yangu. Si kwa sababu nilimchukia. Ni kwa sababu ya neno moja la herufi tatu nililolikopi mtandaoni nikalipesti bila kulielewa.

Nianze mwanzo.

Halati yangu ana duka Mlaleo, Kisauni. Duka la kawaida la mtaa: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, mkate, maziwa, kredo, chaja za simu. Asubuhi saa kumi na mbili anafungua mwenyewe. Kuanzia saa nane mchana mpaka saa tano usiku alikuwa anakaa kijana mmoja, nitamwita Dogo tu. Kwao ni Likoni, upande wa Mtongwe, lakini alikuwa analala chumba cha nyuma cha duka, yeye na magunia ya mchele. Rika langu kabisa. Tukitaniana, tukikopeshana chaja, mambo ya kawaida.

Mimi wakati huo nshajifunza kuandika programu, nusu kwa YouTube, nusu kwa kukosea. Nikawa naandika kodi usiku huku kodi ya chumba inanisubiri mlangoni. Nikataka kitu cha kuonyesha watu, kazi ya kweli, si yale mazoezi ya kila mtu. Nikamwambia Halati: "Wacha nikutengenezee mfumo wa mauzo. Hutahangaika na daftari tena." Akacheka, akasema sawa mwanangu, bora usiniharibie hesabu.

Nikachukua laptopu kuukuu, nikaiweka chini ya kaunta iwe ndio seva. Juu yake nikaweka dataibesi ya bure, ile ghala ya kuhifadhi kila mauzo: kitu gani, bei gani, saa ngapi. Halafu programu yangu ya Java ndio inayosoma ghala ile na kutoa ripoti ya kila siku.

Sasa kwa wale ambao hawajaingia mambo haya, kati ya programu na dataibesi kuna mtu wa tatu anaitwa draiva. Si dereva wa matatu, ingawa jina ni lilelile. Draiva ni kama mkalimani. Programu inazungumza Kijava, dataibesi inazungumza lugha yake, na draiva inasimama katikati inatafsiri. Na ili ianze kazi unaipa mstari mmoja mrefu wa muunganisho: seva iko wapi, jina la mtumiaji, nywila, halafu nyuma yake unabandika mipangilio. Tumia herufi gani, subiri sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa, seva inafuata saa za wapi. Ni mstari ambao kila mtu anauandika mara moja akishaunganisha anausahau. Mimi pia.

Siku ya kwanza nikabonyeza, draiva ikakataa. Ikanitupia ujumbe mwekundu mrefu, kwa ufupi unasema: hii saa ya seva inayoitwa EAT siitambui, ama ni jina la sehemu zaidi ya moja, niambie wewe ni wapi.

EAT ndio saa zetu jamani. Saa za Afrika Mashariki, masaa matatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Nairobi, Kampala, Dar, Addis Ababa, Mogadishu, wote tuko humo. Nikaudhika. Nikasema ona, hata mashine haitujui.

Lakini nikikaa nikafikiri sai, draiva ilikuwa na haki. Haya majina ya mkato ya saa ni fujo. CST inaweza kuwa saa ya Chicago, ama ya China, ama ya Cuba. IST ni India, ni Ireland, ni Israel. Mashine ikibahatisha, itakosea na haitakwambia. Kwa hivyo ilifanya jambo la maana kabisa: ikasimama mlangoni ikauliza. Aliyejibu uongo ni mimi.

Manake nilifanya nini? Nikaingia Google, nikabandika ule ujumbe, jibu la kwanza kabisa likasema: weka UTC mwisho wa mstari wako wa muunganisho. Chini yake watu kibao wanashukuru, imekubali, imekubali. Nikakopi, nikapesti. Imekubali. Nikaenda kula viazi karai.

Nawaambieni ukweli, sikusoma jibu la pili. Wala sikujiuliza yule aliyeandika yuko wapi. Pengine yuko London. London wakati wa baridi saa yao na UTC ni sawasawa, kwa hivyo akiweka UTC kwake hakuna kinachoharibika mpaka saa zao zigeuzwe. Mimi niko Kisauni. Kwangu kila kitu kiliharibika siku ileile, ila kimyakimya.

Ngoja niwaonyeshe vipi. Saa ya kila mauzo ilikuwa inaandikwa na dataibesi yenyewe, kwa saa ya ile laptopu, na ile laptopu iko saa za Nairobi. Mtu akinunua sukari saa nne usiku, inaandikwa 22:00. Sahihi kabisa. Lakini programu ikienda kusoma, draiva inakumbuka nilichoiambia: huyu bwana alisema saa za hapa ni UTC. Basi inachukua ile 22:00, inasema hii ni ya UTC, kwao Mombasa waongeze masaa matatu, inakuwa saa saba usiku. Ya siku ya pili! Mkalimani katafsiri kitu ambacho tayari kilikuwa kwa lugha yetu.

Kwa hivyo kwa programu yangu, siku haikuwa inaisha saa sita usiku. Ilikuwa inaisha saa tatu usiku. Kila kilichouzwa baada ya hapo kilihesabiwa cha kesho.

Na ripoti yangu ya kwanza haikuonyesha saa. Ilionyesha tarehe na jumla, basi. Kwa hivyo hakuna aliyeona kitu.

Wiki ya kwanza, Jumapili usiku, Dogo akafunga, akahesabu pesa za droo, akaandika kwenye karatasi kama alivyoambiwa. Jumatatu asubuhi Halati akalinganisha na ripoti. Pesa pungufu, shilingi 1,840. Jumatatu tena, pungufu 560.

Sasa skiza. Jumamosi usiku duka linauza sana, watu wako macho, mpira, sherehe. Jumapili usiku mtaa umelala mapema. Kwa hesabu ya programu yangu, mauzo makubwa ya Jumamosi usiku yalikuwa yanahesabiwa Jumapili. Kwa hivyo ripoti ya Jumapili inavimba, lakini pesa zake ziliingia droo ya jana. Lazima zionekane pungufu.

Na Ijumaa na Jumamosi ilikuwa kinyume. Pesa zinazidi ripoti. Ijumaa zilizidi 1,300, Jumamosi 900, katikati ya wiki hamsini hapa mia pale. Unajua Halati alifanya nini siku za kuzidi? Alizitia kwenye mkebe, akasema labda ni chenji watu wamesahau. Unajua mimi nilifanya nini? Sikufanya kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kuhusu siku za kuzidi. Pungufu ndio inauma, ya kuzidi haina mwenyewe. Kama ningekaa na kalamu nikajumlisha wiki moja tu, ningeona zilizozidi ni 2,400 na zilizopungua ni 2,400. Sifuri. Hakuna mwizi duniani anaiba Jumapili na kurudisha Ijumaa.

Lakini mimi nilikuwa na fahari. Halati aliponiuliza, "Mwanangu, hii mashine yako una hakika nayo?" nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka vizuri: "Halati, kompyuta haidanganyi. Binadamu ndio hudanganya."

Dogo alikuwa amesimama palepale. Akaniangalia, hakusema kitu.

Wiki tatu Dogo alikatwa mshahara. Jumla elfu sita na mia nane. Kwa mtu anayetuma pesa Mtongwe kila mwisho wa mwezi, hiyo si pesa ndogo.

Halafu nikaja nikaharibu zaidi. Nikasema wacha nipendezeshe mfumo, niweke saa za Kiswahili. Si sisi saa za mchana tunazihesabu kuanzia alfajiri, saa moja ni asubuhi jua limetoka? Nikaandika kipande kidogo cha kodi kinachotoa masaa sita, kinaandika mchana ama usiku. Nilijiona bingwa. Halati akafungua ripoti mpya, akaweka miwani, akasoma: sukari kilo mbili, saa 7:25 usiku. Sigara, saa 7:40 usiku. Mkate, saa 8 kasoro usiku.

Akanipigia simu sauti inatetemeka. "Saa saba usiku duka limefungwa. Mimi nimelala. Nani anauza?"

Na nani alikuwa analala nyuma ya duka? Dogo.

Kumbe anafungua usiku, akaambiwa. Anauza kivyake, pesa anatia mfukoni, ndio maana hesabu haikai. Kila kitu kikawa na maana. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo: hadithi ya uongo ilikaa vizuri kuliko ya kweli. Na ushahidi wote ulitoka kwenye mashine yangu, kwa Kiswahili sanifu, umepangwa kwa mistari.

Dogo aliapa. Alisema yeye akifunga saa tano analala fofofo, muulizeni jirani. Halati alilia, manake alimpenda yule kijana. Lakini alimwambia akusanye nguo zake.

Na nyinyi mnajua mtaa. Kisauni neno "mwizi" si neno la mchezo. Ukiitwa mwizi pale stejini watu hawaulizi ripoti, wanaokota mawe. Bahati Halati hakupiga kelele, lakini maneno yakatoka hivohivo. Kufikia jioni vijana wa maskani walikuwa wanasema Dogo wa duka alikuwa anafungua usiku. Akaondoka na begi moja, akapanda matatu ya kwenda mjini, akavuka feri akarudi kwao. Hakuniaga.

Siku tatu baadaye Halati akataka orodha kamili ya yale mauzo ya usiku, amwonyeshe mamake Dogo akija kuuliza. Nikakaa usiku nachapa orodha. Jumamosi ile, katikati ya mistari, nikaona: chaja ya aina ya C, moja, shilingi 450, saa 7:10 usiku.

Nikasimama.

Chaja ile ni yangu. Niliinunua mimi. Jumamosi hiyo nilikuwa naangalia mpira, simu ikazima, nikakimbia dukani. Dogo akaniuzia, tukabishana bei, akakataa kunipunguzia. Ilikuwa saa nne na dakika kumi usiku, najua manake mpira ulikuwa ndio kwanza umeisha. Na chaja ya aina ile wiki hiyo iliuzwa moja tu.

Saa nne na dakika kumi. Saa saba na dakika kumi. Masaa matatu.

Mwili wangu wote ulipata baridi. Nikafungua mauzo ya asubuhi. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi hakuna hata moja, siku zote, wiki zote. Duka la Mlaleo lisiuze mkate wala maziwa asubuhi! Foleni ya watoto wa shule inafika barabarani. Ilikuwa wazi vile, na sote tulikuwa tunaangalia mistari ya usiku peke yake, kwa sababu tulikuwa tunatafuta mwizi, hatukuwa tunatafuta ukweli.

Nikafungua ule mstari wa muunganisho. Mwisho wake: UTC.

Nikabadilisha nikaweka jina kamili, Africa/Nairobi. Nikawasha, draiva ikakataa tena kama siku ya kwanza. Nikakesha mpaka alfajiri ndio nikaona nimeandika jina la mpangilio vibaya, herufi moja imeruka, na draiva haikusema kitu juu ya kosa hilo. Jina isilolijua inalipita tu kama hujaandika. Nikasahihisha, nikazima kila kitu nikawasha upya, na mauzo yote yakarudi mahali pake. Chaja yangu, saa 4:10 usiku. Nikajumlisha wiki zote tatu, droo na ripoti. Tofauti ilikuwa shilingi ishirini.

Hapa nataka niseme kitu kwa wale mnaoandika programu. Simlaumu aliyetengeneza draiva. Draiva iliniuliza swali kwa sauti, mimi nikaijibu upuuzi ili inyamaze. Tatizo hili la saa wengi wamelipitia. Chukua draiva ya Java ya MySQL, ile Connector/J. Matoleo yake ya zamani yalikuwa yanakataa kuunganisha kabisa wakikuta jina la saa lenye utata, na dunia nzima ikawa inapesti UTC hivohivo. Toleo la 8.0.23, lililotoka Januari 2021, wakabadilisha: ule mpangilio ulioitwa serverTimezone ukapewa jina connectionTimeZone, na kama hujaandika chochote, draiva inachukua saa ya mashine programu inapokaa. Kelele zikapungua. Lakini kupungua kwa kelele si kupungua kwa makosa. Ukisasisha draiva bila kusoma kilichobadilika, mstari wako uleule wa zamani unaweza kumaanisha kitu kingine kesho, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kosa linalopiga kelele lina heshima, linakusimamisha. Linalonyamaza ndilo linalofukuza watu kazi.

Na msidhani ni mambo ya duka la Mlaleo peke yake. Uingereza, nchi ya watu wenye mahakama na mawakili wa kila aina, yaliwakuta makubwa zaidi. Posta yao ilianza kutumia mfumo unaoitwa Horizon mwaka 1999, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Wale wanaoendesha vituo vidogo vya posta wakaanza kuona hesabu pungufu kwenye skrini. Wakapiga simu, wakaambiwa mfumo uko sawa. Wakalipa kutoka mifukoni, wengine wakauza nyumba. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Kuna waliofungwa jela. Kuna waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa. Mmoja wa wale waendeshaji wa vituo, Alan Bates, aliyekuwa na kituo Llandudno huko Wales, alinyang'anywa kituo chake mwaka 2003, akapigana miaka na miaka pamoja na wenzake. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba ule mfumo ulikuwa na hitilafu. Na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu kwa mkupuo.

Nilipoisoma habari ile nilihisi kama wanamsema Halati, Dogo na mimi. Maneno ni yaleyale: mfumo uko sawa, kwa hivyo wewe ndio mwizi.

Hapa kwetu, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kompyuta ikifika kortini iwe na cheti, na moja ya masharti ni kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa wakati huo. Vizuri. Lakini Dogo hakufika kortini. Watu wengi wanaofukuzwa kwa sababu ya skrini hawafiki kortini. Wanafika stejini na begi moja. Na hata kama tungefika, cheti angekiandika nani? Mimi. Na ningekiandika kwa fahari.

Asubuhi ile nikaenda kwa Halati kumweleza. Niliogopa hataelewa mambo ya UTC. Nikamwambia: "Halati, mashine ilikuwa inahesabu mauzo ya baada ya saa tatu usiku kama ni ya kesho." Akafikiri kidogo akasema: "Yani kama sisi tunavyosema usiku wa kuamkia Ijumaa, kumbe bado ni Alhamisi?"

Ndio Halati. Hivohivo.

Kwake yeye siku mpya inaingia jua likizama, tangu zama za mababu. Kwa laptopu ilikuwa inaingia saa sita usiku. Kwa draiva yangu, saa tatu usiku. Siku tatu tofauti ndani ya duka moja, na hakuna aliyeuliza tunahesabu kwa ipi. Alielewa haraka kuliko mimi niliyesomea.

Halafu akanyamaza muda mrefu. Akaenda kwenye mkebe, akahesabu elfu sita na mia nane, akaongeza mshahara wa wiki, akatia kwenye bahasha. Akasema: "Uliniambia haidanganyi." Hakuongeza neno.

Nikavuka feri mchana wa jua kali, nimebanana na watu, na mikokoteni, na mabodaboda. Ile feri dakika chache tu lakini siku hiyo niliona kama naenda Lamu. Nilikuwa najipangia maneno. Nitamweleza kuhusu draiva, kuhusu mpangilio wa muunganisho, ataelewa si mimi, ni mfumo.

Nilimkuta Dogo nje ya nyumba yao, anasaidia fundi kuchanganya saruji. Mamake akanipa kiti, akanipa maji, wala hakuniuliza nimefuata nini. Hilo lilinikata zaidi. Nikaanza maelezo yangu. Masaa matatu, UTC, dataibesi, kompyuta ikakosea ikakuonyesha kama wewe ndio umeuza usiku...

Dogo akaniwacha nikamaliza. Halafu akasema: "Kompyuta haikuniita mwizi. Ni wewe."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Akasema kitu kingine. Ile wiki ya kwanza, alipokatwa mara ya kwanza, alianza kuandika mauzo ya usiku kwenye daftari lake mwenyewe, kila kitu na saa yake, ili ajilinde. Alitaka kunionyesha. "Nkakuskia unasema kompyuta haidanganyi. Nkajua daftari langu halina kazi." Akaingia ndani akaja nalo. Daftari dogo la kurasa thelathini na mbili. Nikafungua Jumamosi ile. Chaja C, 450, saa nne na dakika kumi. Kando yake ameandika jina langu.

Ushahidi ulikuwepo muda wote. Uliandikwa kwa kalamu na mtu tuliyeamua kutomwamini.

Alipokea bahasha, akahesabu, akanishukuru. Halati alimpigia simu kumwomba radhi, na akamwomba arudi. Hakurudi. Alisema mtaa ule ushamwita jina, na jina halifutiki kwa kubadilisha mpangilio. Niliwaambia vijana wa maskani ukweli, mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine walisema lakini pengine aliiba kidogo. Uongo ulifika mtaani kwa jioni moja. Ukweli nimeusukuma miezi minne na haujafika kona ya pili.

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma, mwenye kuandika programu na asiyeandika, nawaachia haya. Ukikopi jibu, jiulize aliyeliandika anaishi saa za wapi. Ukiandika saa za mahali, andika jina kamili, si mkato. Kabla ya kumpa mtu mfumo, uza kitu cha uongo saa nne usiku uone kinatokea tarehe gani. Siku pesa zikizidi, shtuka kama zimepungua. Na mtu akisema "si mimi", mpe nafasi ileile unayoipa skrini. Muulize ana daftari.

Duka la Halati bado linatumia mfumo wangu. Lakini kando ya laptopu sasa kuna daftari, na anayekaa zamu ya usiku anaandika kwa mkono wake. Vikigombana viwili hivyo, tunaanza kumuuliza laptopu.

Chaja ile bado ninayo. Inafanya kazi vizuri tu.